Mama na Mifugo: Wanakondoo Tisa kwa Msimu Mmoja

Mwezi huu nimeweka kando barua nyingine zote ili nijibu moja iliyotoka Mbulumbulu, kule juu Karatu, ambako mashamba ya ngano na mahindi yamebanwa kati ya msitu wa Ngorongoro na ule ukingo unaoteremka ghafla hadi Bonde la Ufa. Wanaokufahamu huko wanajua baridi yake. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hukaa mpaka saa nne za asubuhi, na mama anayekwenda kukamua hujifunika shuka mbili.

Mama aliyeandika ana kondoo majike 19. Msimu huu 17 walizaa salama na 2 walitupa mimba. Kati ya wanakondoo 17 waliozaliwa, 9 wamekufa. Ada ya binti yake anayetaka kuanza chuo ilikuwa itoke humo zizini. Mumewe anasema uzembe ni wa mama, maana kondoo wa nyumbani ni kazi ya mama. Mama mkwe anasema ni jicho, na ameshamtaja jirani aliyepita zizini siku kondoo wa kwanza alipozaa. Mume amepata jibu lake pia: anataka kununua dume kubwa la Dopa mnadani ili kundi libadilike. Mama anauliza afanye nini. Kisha, mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja kama jambo dogo, anaongeza kuwa yeye mwenyewe ni mjamzito wa miezi sita, na kwamba ndiye aliyewavuta wale wanakondoo wawili waliofia tumboni, kwa mikono mitupu, usiku.

Naanza na mstari huo wa mwisho, mama mwenzangu. Kondoo watasubiri.

Kondoo anayetupa mimba mara nyingi ana ugonjwa, na magonjwa kadhaa ya aina hiyo hayabagui kati ya mnyama na mtu. Ipo brusela. Ipo homa ya Q. Ipo toksoplazima, ambayo paka huisambaza kwa kinyesi chake. Ipo homa ya Bonde la Ufa. Vijidudu hujaa ndani ya maji ya uzazi, katika kondo la nyuma na katika mwili wa yule mtoto aliyekufa, na huingia kwa mtu kupitia mchubuko mdogo wa kidole, au macho, au hata hewa anayovuta akiwa ameinama pale. Kwa mtu yeyote ni hatari. Kwa mwenye mimba ni hatari mara mbili, kwa sababu baadhi yao humfikia mtoto tumboni.

Kwa hiyo usingoje tarehe yako ya kliniki. Nenda wiki hii, na mwambie muuguzi maneno haya haya: nimeshika kwa mikono mimba ya kondoo iliyotupwa, siku fulani. Usiposema, hatauliza. Homa ya brusela huja na kuondoka, mtu hutokwa jasho usiku, viungo na kiuno humuuma, na kwa kuwa inafanana na malaria au homa ya matumbo, akina mama wengi hutibiwa hayo mawili kwa miezi bila kupata nafuu. Ukitaja kondoo, mganga atajua aelekee wapi katika vipimo. Inawezekana kabisa kwamba huna kitu. Lakini ni bora kusikia hivyo kwa aliyekupima.

Na kuanzia leo mpaka utakapojifungua, usizalishe kondoo. Hata yule anayeonekana mzima. Kazi hiyo aifanye baba, au kijana mkubwa, akiwa amevaa glovu. Akikosa glovu avae mifuko migumu mikononi, aifunge kwenye viwiko. Mtoto aliyetupwa na kondo lake vizikwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, au vichomwe kwa kuni za kutosha. Majani aliyolalia yachomwe pia. Maziwa ya nyumbani yachemke mpaka yafure, ya kondoo, ya mbuzi na ya ng'ombe, nayo yasionjwe mabichi hata na mtoto anayelia.

Yule kondoo mwenyewe atengwe. Wazee wa Kiiraqw wanaijua metimani, desturi ya kumtenga mtu aliyepatwa na jambo kama kuharibikiwa mimba, akae kwake asichangamane na wengine mpaka muda wake upite. Mimi kumtenga mama aliyepoteza mtoto sikubali, wakati huo ndipo anahitaji kukaa na wenzake. Ila kwa kondoo, wazo la kutenga ni zuri mno, na nashangaa kwamba tuliwatenga akina mama na kuwaachia kondoo wachanganyike. Mweke peke yake wiki tatu au nne, mbali na wenye mimba, na umwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Nasema siku hiyo hiyo kwa sababu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 watafiti walifuatilia visa 215 vya mifugo kutupa mimba katika mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro, nao waliweza kuthibitisha sababu katika kisa kama kimoja tu kati ya vitano. Waliona pia kwamba sampuli inayofaa sana ni ute wa uke wa mnyama uliochukuliwa mapema. Ukimwita mtaalamu baada ya wiki mbili, atakuta zizi limefagiwa na hana cha kupeleka maabara.

Wakitupa wengi kwa mpigo baada ya mvua kubwa na mbu wengi, na wanakondoo wa siku chache wakafa karibu wote, msichinje, msichune, msile. Hiyo ndiyo sura ya homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1931 kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Kwetu, mlipuko wa mwaka 2007 ulianza kuonekana wilaya jirani na yenu, Ngorongoro, kisha ukaenda mpaka Dodoma na Morogoro. Watu zaidi ya 140 walikufa nchini. Wengi walikuwa wamechinja au kuhudumia wanyama wagonjwa. Mimba 2 kati ya 19 si mlipuko, nakutuliza, lakini ni namba ya kutolewa taarifa.

Sasa wanakondoo.

Barua yako ina kitu ambacho barua nyingi hazina. Umeandika kila mmoja alikufa akiwa na umri gani na alikuwaje. Hapo umejitetea kuliko unavyodhani, kwa mume na kwa mama mkwe. Mwanakondoo anayekufa siku ya pili na yule anayekufa mwezi wa tatu hawauawi na kitu kimoja, kama vile mtoto mchanga na mtoto wa chekechea hawalazwi wodini kwa sababu moja. Jicho la jirani lingeua bila mpangilio. Wako wamekufa kwa mpangilio.

Wanne walikufa kabla ya siku ya tatu, wote katika zile wiki za mvua na baridi. Unasema hawakuwa na jeraha, walikuwa wamelala tu, midomo baridi. Hao waliuawa na baridi na njaa, na vitu hivyo viwili ni kimoja. Mwanakondoo huzaliwa akiwa na akiba ndogo sana ya mafuta mwilini. Akilowa na upepo ukampiga, akiba hiyo huisha kwa saa chache, akikosa nguvu hawezi kusimama, asiposimama hanyonyi, asiponyonya anazidi kupoa. Nyumba ya zamani ya Kiiraqw, ile ambayo mifugo ililala ndani na watu, ilikuwa na ubaya wake wa moshi na kikohozi, lakini mwanakondoo hakufa kwa baridi humo. Tulipotoa mifugo nje, jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu, wengi hatukumjengea mwanakondoo mahali pengine pa joto. Zizi la miiba si nyumba.

Huhitaji banda la gharama. Kona moja yenye paa, kuta tatu za miti iliyokandikwa udongo, mlango ukiwa upande usiopigwa na upepo, sakafu iliyoinuliwa ili maji yasiingie, na majani makavu ya ngano, ambayo Mbulumbulu hamyakosi baada ya mavuno. Pasizibwe kabisa. Ukiingia na macho yakakuwasha kwa harufu ya mkojo, ujue mapafu ya mwanakondoo yanawasha zaidi. Kondoo aliye karibu kuzaa alale humo, na akae humo na mwanawe siku mbili tatu ili wajuane.

Mtoto akianguka, msugue kwa gunia kavu mpaka atetemeke na kulia, kisha mwache mama yake amlambe. Kitovu kichovye katika ayodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, mara moja siku ile na mara nyingine kesho yake. Kichovye chote kwenye kikombe kidogo, maana kukipaka kwa kidole hakutoshi. Nalitaja hili kwa sababu wanakondoo wako wawili waliokufa wiki ya pili walikuwa na magoti yaliyovimba na walichechemea. Uchafu uliingia kwa kitovu ukakaa kwenye viungo. Chupa moja ndogo ya ayodini hutosha kwa wanakondoo wa msimu mzima.

Halafu dang'a. Hapa siachi kurudia, nimeandika hivyo hata nilipozungumzia ndama. Mwanakondoo huzaliwa bila kinga yoyote mwilini. Kinga yote iko katika maziwa ya kwanza ya mama yake, na utumbo wake huifungulia mlango kwa muda mfupi tu. Saa sita za kwanza ndizo zenye thamani. Baada ya siku moja mlango umefungwa, na dang'a iliyobaki ni chakula tu kama maziwa mengine. Kamua tone moja kila chuchu ili kutoa ile nta inayoziba, kisha hakikisha kwa macho yako kwamba amenyonya. Mkia ukichezacheza na tumbo likijaa, sawa. Asiponyonya, mkamue mama umnyweshe. Mwanakondoo wa kilo mbili na nusu anahitaji kama nusu kikombe cha chai kila mlo, milo minne au mitano katika siku ya kwanza. Mama asipokuwa na maziwa, dang'a ya kondoo mwingine, ya mbuzi au hata ya ng'ombe inafaa, ilimradi ng'ombe huyo ni mzima.

Jihadhari na jambo moja ambalo huruma hutuponza. Ukimkuta mwanakondoo amepoa, amelegea, kidole ukikitia mdomoni unahisi baridi na hanyonyi kidole, usimmiminie maziwa. Hawezi kumeza, yataingia mapafuni. Mpashe joto kwanza: mfunge kanga kavu, mweke karibu na jiko lakini si juu yake, au katikati ya chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Akiinua kichwa na kuanza kukinyonya kidole, ndipo umpe.

Wasomaji wengine wananiuliza kuhusu kuhara, na ingawa barua hii haikutaja, nitasema kwa ufupi. Ule mchanganyiko tuliofundishwa kliniki kwa watoto wetu, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, unamfaa na mwanakondoo. Mpe kidogo kidogo kati ya nyakati za kunyonya. Usimwachishe maziwa.

Watatu waliobaki walikufa wakiwa na miezi miwili hadi mitatu, na habari yao ndiyo iliyonifanya nichukue nafasi yote ya ukurasa huu. Unasema walikuwa wakubwa, hawakuhara, ila walianza kubaki nyuma ya kundi, wakavimba chini ya taya kama wamefungiwa mfuko wa maji, na baada ya siku chache wakafa. Ulipopasua mmoja, nyama ilikuwa nyeupe na damu kama maji yaliyosuuziwa nyama. Mama, hiyo ni minyoo. Kuna mnyoo mmoja mwembamba kama uzi, urefu wa kama sentimita mbili hadi tatu, anayekaa katika tumbo la nne la kondoo na kunyonya damu. Kila mmoja hunyonya kidogo sana, lakini minyoo elfu moja, idadi ya kawaida kabisa, humaliza damu ya vijiko kumi vya chai kwa siku. Mwanakondoo wa kilo 15 ana damu ya kama lita moja tu. Hesabu inakuambia yaliyobaki. Na jike mmoja wa mnyoo huyo hutaga mayai maelfu kila siku, yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa penye unyevu na joto la wastani, na viluwiluwi vyake hupanda majani pamoja na umande.

Kwa nini Mbulumbulu na kwa nini sasa? Malisho yamepungua. Ardhi nyingi imelimwa tangu siku za mashamba ya ngano ya Kitete Juu mwanzoni mwa miaka ya 1960, msituni hamruhusiwi, na kondoo wa kaya nyingi wanakaa eneo dogo lile lile lenye majani mafupi wakati wa masika. Kondoo hula majani mpaka chini kabisa, pale pale penye viluwiluwi. Hakuna aliyeroga. Ni msongamano.

Hapa kuna njia ambayo napenda kila mama aijue, kwa kuwa tayari tunaijua kutoka kliniki ya wajawazito. Unakumbuka muuguzi anavyokushusha kope ya chini kutazama kama una damu? Kondoo hivyo hivyo. Daktari wa mifugo Faffa Malan wa Afrika Kusini na wenzake walitengeneza kadi yenye rangi tano za kope, kuanzia nyekundu iliyoiva hadi nyeupe, nayo inaitwa FAMACHA kwa jina lake. Ikiwa afisa mifugo wenu hana kadi, macho ya mama yanatosha kutofautisha nyekundu na nyeupe. Wakati wa mvua tazama kope kila wiki mbili, mchana, si ndani ya banda lenye giza. Aliye mwekundu mwache. Aliyepauka mpe dawa ya minyoo siku hiyo. Mwanakondoo usimngoje awe mweupe; akianza kuwa waridi hafifu, mtibu.

Wengine watashangaa kwa nini nasema aliye mwekundu aachwe, ilhali tumezoea kuwanywesha wote siku moja. Ukiwanywesha wote kila mara, minyoo michache inayostahimili dawa ndiyo inayobaki peke yake kuzaana, na baada ya miaka michache dawa hiyo ni maji. Vivyo hivyo ukigawa dozi nusu nusu ili chupa ifike kwa wote. Mpe mgonjwa dozi kamili kwa uzito wake, na ukikisia, kisia kuelekea uzito mkubwa. Dawa ya albendazoli usimpe kondoo aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba, inaweza kudhuru mtoto. Nunua chupa iliyofungwa, yenye tarehe, kutoka duka linalojulikana. Ile inayomiminwa mnadani kwenye chupa ya soda siwezi kuitetea. Kisha malisho: msitoke kabla umande haujakauka, na wanakondoo walioachishwa wapelekwe kwenye mabua ya shamba lililovunwa, ambapo kondoo hawajalala wala kulishwa miezi mingi. Hapo watapata majani safi kuliko popote.

Kuna suala la kalenda pia. Dume wako anakaa na majike mwaka mzima, na ndiyo maana wengi walizaa katikati ya masika. Kondoo hubeba mimba siku 150, miezi mitano. Ukimwachilia dume mwezi wa saba na wa nane, majike wakiwa wamenenepa kwenye mabua, watazaa mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, majani ya vuli yakiwepo na baridi kali ikiwa mbali. Masika ikifika wanakondoo wameshapata nguvu. Wamasai jirani zenu humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande wakati usiotakiwa, na hakuna aibu kuiga. Wiki sita za mwisho za mimba ndizo mtoto anakua sana tumboni. Mwongezee mama majani ya maharage au mbaazi na pumba kidogo jioni. Mama mwenye njaa huzaa mtoto mdogo na kumkimbia.

Chanjo nitaitaja kwa sababu hujaniambia kama kundi limewahi kuchanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini mara ya kwanza mwaka 2008, huko huko Ngorongoro. Machozi na makamasi mazito, vidonda mdomoni, kuhara, kikohozi, kifo. Haumwambukizi mtu, lakini hauna dawa ya kuuponya. Chanjo moja hulinda miaka mitatu au zaidi, na wanakondoo huchanjwa wakifikisha miezi mitatu au minne, kinga ya dang'a ikiwa imeisha. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo na ugonjwa huu umo. Uliza ofisi ya kata zamu yenu ni lini.

Na mbwa. Kama kuna kondoo kundini anayezunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, ambaye nyumbani mnamwita wa kizunguzungu, ana kifuko cha maji kwenye ubongo kilichotokana na tegu wa mbwa. Ni tatizo kubwa Ngorongoro. Mbwa hula kichwa kibichi cha kondoo aliyekufa, anapata tegu, ananya malishoni, kondoo wengine wanakula mayai na majani. Tegu mwingine wa mbwa huleta vile vifuko tunavyoviona kwenye maini na mapafu ya kondoo, na huyo huwaingia watu pia, hasa watoto wanaocheza na mbwa kisha wakala bila kunawa. Basi kichwa, maini na mapafu yasiyoliwa vichemshwe sana, vichomwe au vizikwe. Mbwa wapewe dawa ya tegu kila miezi mitatu. Wanakondoo 9 waliokufa kwako walitupwa wapi? Hukuandika. Natumaini si nyuma ya zizi.

Kwa mama mkwe, mpe heshima yake, mkalishe, umsomee daftari lako tarehe kwa tarehe. Wanne wa baridi, wawili wa kitovu, watatu wa minyoo. Ninyi na huyo jirani mnachota maji mahali pamoja na mnakaa benchi moja kanisani. Kondoo watazaliwa wengine mwakani, lakini jina la uchawi likishatamkwa hadharani halirudi mdomoni. Kama kondoo wake nao wanalisha pale pale, kuna uwezekano mkubwa amepoteza wanakondoo pia. Muulize. Huenda naye amekuwa akikushuku wewe.

Inabaki safari ya baba mnadani. Dopa ni kondoo mzuri wa nyama, aliyetengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi wa Kiajemi. Hukua haraka, simpunguzii sifa. Lakini palipo na minyoo ya damu ni dhaifu. Kati ya mwaka 1991 na 1996 watafiti walifuga Dopa na kondoo mwekundu wa Kimasai pamoja huko Diani, pwani ya Kenya, penye unyevu na minyoo mingi. Wanakondoo wekundu wa Kimasai walistahimili zaidi na walikufa wachache, hata faida ya jumla ikawa kubwa kwao ingawa ni wadogo. Penye ukame, tofauti hiyo hupungua. Mbulumbulu si penye ukame. Ningekuwa mimi, ningetafuta dume jekundu la Kimasai lenye umbo zuri na kope nyekundu, kutoka kwa mfugaji ninayemfahamu. Na kama baba ameshikilia Dopa, basi awe chotara, na yale majike yaliyopona bila dawa msiyauze, maana hao ndio mama wa kundi lijalo.

Mnada una hatari yake pia. Sotoka ilipofika wilaya za kusini, Newala na Tandahimba, mwaka 2009, ilihusishwa na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, safari ya mamia ya kilomita kwa lori. Kwa hiyo dume lolote litakaloletwa, zuri namna gani, lisiingie zizini jioni ya kwanza ili wageni walione. Lifungwe peke yake upande wa pili wa boma, na chombo chake cha maji, na ahudumiwe mwisho baada ya wengine. Mtazame kope, pua, mdomo na kinyesi. Wiki tatu zikipita bila kikohozi wala kuhara, mfungulieni.